Rangi ya Kolo haitoki, ukuta wa darasa letu unabanduka: waliwezaje, na kwa nini walichora kule juu?

#1 Chaki Nyekundu
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilipeleka wanafunzi 38 wa darasa la sita Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Tulijiandikisha pale ofisi ya Mambo ya Kale, tukapanda mlima na mwongozaji, wengine na ndala zao miguuni. Pale juu kuna mtoto mmoja, darasani huwa kimya kabisa. Akausogelea ukuta mpaka mwongozaji akamkanya asiguse. Akaweka mikono nyuma, akamtazama mnyama mwekundu pale mwambani, halafu akanigeukia: "Mwalimu, darasani kwetu walipaka mwaka juzi na rangi inabanduka. Hii inanyeshewa tangu zamani, mbona haitoki?"

Nikamwambia nitatafuta jibu. Hatujafika hata kwenye gari akaja na la pili: "Na kwa nini walichora huku juu, si nyumbani kwao?"

Ninachojua ni kile kilichoandikwa kwenye ubao: eneo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lina miamba zaidi ya 150 yenye michoro kwenye kilomita za mraba 2,336. Hayo hayamjibu mtoto. Naomba wenye ujuzi wanisaidie, Jumatatu nina kipindi naye.

#2 Fundi Ngeu
Mwalimu, swali la kwanza niachie mimi seremala.

Hicho chekundu ni ngeu. Sisi wa Tanga tumeikuta kwa wazee wetu: unapaka kamba ngeu, unaivuta juu ya ubao, unaiachia, inaacha mstari mwekundu wa kufuata kwa msumeno. Ngeu ni udongo wenye kutu ya chuma, na kutu imeshaungua yote ya kuungua, jua halina la kuifanya tena. Mimi nina shati lilipata ngeu nikiwa mwanagenzi. Shati limechakaa, doa lipo.

Rangi ya darasa lako ni ngozi iliyokaa juu ya plasta. Unyevu ukipanda kutoka chini unaisukuma, inatoka magamba. Ngeu iliyosagwa laini haikai juu, inaingia kwenye vitundu vya jiwe. Utaibandua vipi kitu kilichoingia?

#3 Pofu Dume
Fundi kaeleza vizuri. Naongeza moja na kusahihisha moja.

Kusahihisha: hainyeshewi. Mwambie mtoto aangalie tena. Mwamba pale umeinama mbele kama baraza, maji yanadondokea nje ya ukuta. Michoro iliyokuwa upande wa mvua hatuioni kwa sababu imekwisha.

Kuongeza: rangi peke yake haishiki vizuri mvuani, gundi husaidia. Mafuta ya wanyama, damu, utomvu, ute wa yai, vyote vinatajwa. Na ile mistari myembamba ya nywele za wale watu warefu haikuchorwa kwa kidole. Huenda ni kijiti kilichotafunwa ncha au unyoya. Mtu aliyechora pale alikuwa na mkono uliozoea.

#4 Kalamu Mbili
Tujivunie jamani, michoro ya Kondoa ina miaka 50,000! Wazungu walikuwa bado wanatafuta moto.

#5 Pofu Dume
#4 taratibu mkuu. Unachanganya. Kisese II, mwamba mwingine hapo hapo Kondoa, ulichimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizotoka mle zimepimwa, za zamani zaidi zinakaribia miaka 46,000. Vilitoka pia vipande vya udongo mwekundu kwenye tabaka za kale. Lakini shanga si mchoro, na udongo mwekundu mtu anaweza kujipaka mwilini, kulainishia ngozi au kupaka mpini wa mshale. Picha za ukutani hazijapata kipimo cha namna hiyo. Nyekundu nyingi zinakadiriwa kwa maelfu ya miaka, nyeupe ni za juzi juzi kwa hesabu ya akiolojia.

Na hao "waliotafuta moto" walikuwa wanachora kwenye pango la Chauvet, Ufaransa, yapata miaka 36,000 iliyopita. Simba wa mle ukiwaona utaondoa kofia.

#6 Kalamu Mbili
Sawa, nimerudi darasani. Basi wazee zaidi ni Wafaransa?

#7 Pofu Dume
Wala. Sulawesi, Indonesia, kuna picha ya nguruwe mwitu na vijitu vitatu, kipimo kilichotangazwa 2024 kinasema angalau miaka 51,200. Na ukihesabu mistari iliyochorwa kwenye kijiwe, basi pango la Blombos, Afrika Kusini: mistari ya ngeu iliyokatizana, miaka 73,000 hivi. Mle mle ndani walikuta makombe ya baharini yaliyotumika kama bakuli za kuchanganyia rangi, miaka 100,000, na mafuta ya mifupa yakiwemo kwenye mchanganyiko. Fundi Ngeu, wenzako hao.

#8 Fundi Ngeu
Miaka laki moja! Na mimi mwanagenzi wangu namfundisha kuchanganya rangi kila Jumatatu anasahau.

#9 Bonde la Bubu
Mimi ni Mrangi wa huko huko Kolo, nijibu swali la pili la mtoto, kwa nini kule juu.

Kule kwetu panaitwa Mungomi wa Kolo. Si "kituo cha utalii" tu. Mvua ikichelewa wazee wanapanda na kondoo au mbuzi na pombe. Mgonjwa aliyeshindikana anapelekwa. Nilipokuwa na miaka kama tisa babu alinichukua siku moja, akaniacha chini kwenye mti na maji ya kunywa, akasema kutoka hapa ni watu wazima. Nilikaa mpaka jua likapinda nikisikia sauti tu. Waliporudi babu alikuwa na harufu ya moshi, akanikabidhi kipande cha nyama, hakusema neno mpaka nyumbani.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini hawakuchora nyumbani, mimi nakuuliza: madhabahu unaiweka jikoni?

#10 Pofu Dume
#9 heshima kwako, lakini Warangi mmeikuta michoro myekundu ipo. Mliichukua milima pamoja na utakatifu wake. Waliochora nyekundu walikuwa wawindaji, jamaa za Wasandawe na Wahadzabe. Zenu ninyi wakulima na wafugaji ni zile nyeupe za kidole, nene, nyingine zimepita juu ya nyekundu. Matumizi ya leo hayathibitishi dhamira ya aliyechora.

#11 Bonde la Bubu
Nimesema tuliichora sisi? Nimesema mahali. Mahali panapoitwa patakatifu na watu wawili wasiozungumza lugha moja, panaweza kuwa na sababu yake. Kaa pale saa kumi jioni uongee kwa sauti ya kawaida, usikie jiwe linavyokurudishia.

#12 Mama Kulwa
Nimesoma wote. Mnajibu swali ambalo mtoto hakuuliza. Yeye kasema "kwa nini hawakuchora nyumbani?" Nani kasema hawakuchora? Nyumba ya matawi na nyasi haikai miaka kumi. Ngozi ya kulalia inaoza. Rangi ya mwilini inaoshwa. Bibi yangu Usukumani alikuwa anapamba ukuta wa nyumba kwa vidole kila baada ya mavuno, nyekundu, nyeupe na majivu. Nyumba ilianguka mwaka 1994, hamna hata doa. Akija mchimbaji kesho atasema wanawake wa pale hawakuwa wachoraji.

Tunaona miamba kwa sababu miamba ndiyo iliyobaki. Mwalimu, mwambie hivyo.

#13 Chaki Nyekundu
Dada #12, hili sikulifikiria kabisa. Naliandika kwenye andalio la somo.

#14 Sururu
Wakuu mnazunguka. Kila mtu Kondoa anajua Mjerumani alificha mali vita ya kwanza, na michoro ndiyo ramani. Mnyama akiangalia kushoto unachimba kushoto.

#15 Bonde la Bubu
#14 ndugu yangu, wenye sururu kama zako ndio waliotuharibia. Wamechimba mpaka chini ya michoro pale Kolo, mashimo nimeyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyetoka na rupia hata moja. Kilichotoka ni udongo wenye vijiwe na mifupa, ambao mtaalamu angeusoma tabaka kwa tabaka, sasa umevurugwa kama ugali wa mgonjwa. Mchoro ulikuwepo kabla Ujerumani haijaitwa Ujerumani. Ramani ya nini?

#16 Sururu
Sawa mkuu, nimekusikia. Nilikuwa nasema ninavyosikia vijiweni.

#17 Kwa Mtoro Halisi
Naona Wasandawe tunatajwa, nami nipo hapa.

Mtafiti Eric ten Raa alikaa kwetu miaka ya 1960, akaandika mwaka 1971. Wazee walimweleza uchoraji kama jambo wanalolifahamu, si hadithi ya majitu. Na hawakumpa sababu moja. Kuna aliyechora akijipitishia muda mwambani. Kuna mchoro wa mawindo, unamchora mnyama kabla ya kumfuata. Na kuna wa tambiko kwenye mlima wa ukoo. Sababu tatu, watu wale wale. Kwa hiyo ninyi mnaovutana #9 na #10, inawezekana jiwe moja limechorwa na watu wa nia tatu.

Halafu kuna simbo, ngoma yetu ya usiku. Mchezaji anapandisha, anakuwa simba, anawakabili wachawi. Nimeiona nikiwa mdogo nimefunikwa kwenye kanga ya mama, nikichungulia. Mjomba niliyemjua kwa kicheko chake hakuwa mjomba usiku ule. Kesho yake alikuwa anachunga mbuzi kama kawaida. Ukinionyesha mtu mwenye kichwa kisicho cha mtu amechorwa mwambani, sitasema ni mchoraji asiyejua kuchora kichwa.

#18 Pofu Dume
#17 umenigusa penyewe. Mtafiti David Lewis-Williams wa Afrika Kusini ndiye aliyeshika hoja hiyo, kwamba michoro ya Wasan kule kusini ni mambo yanayoonwa na mganga akiwa amepandisha, kisha akailinganisha na ya Kondoa. Na hapo Pori la Akiba la Swaga Swaga, si mbali na kwenu, Mpolandi mmoja, Maciej Grzelczyk, alirekodi mwamba wa Amak'hee 4 mwaka 2018. Pale kuna watu watatu wanaoonekana kuwa na vichwa vya nyati.

Lakini ninasita. Sasa kila mchoro ukishindwa kuuelewa unaitwa njozi. Twiga naye amepandisha?

#19 Kwa Mtoro Halisi
Twiga ni twiga. Sikusema wote. 😄

#20 Mtaa wa Toulouse
Nipo Ufaransa mwaka wa kumi na moja. Nilikwenda Lascaux, yaani ile nakala yake iliyofunguliwa 2016, kwa sababu pango lenyewe lilifungwa mwaka 1963. Vijana waliligundua 1940, likaanza kupokea watu, pumzi na joto la miili vikaleta mwani wa kijani ukutani. Pumzi tu!

Nataka kuonyesha tofauti moja. Tunasema "mapango ya Kondoa" lakini Kondoa si mapango, ni miamba yenye kivuli, mchana kuna mwanga, unaona bonde lote. Kule Ufaransa ni ndani kwenye giza tupu. Walichora kwa taa za jiwe lenye kishimo, mafuta ya mnyama na utambi wa mmea. Mwongozaji alizima taa zote akawasha kiberiti bandia kinachocheza, na farasi ukutani wakaanza kwenda. Naapa walikwenda. Nilimshika mkono mke wangu.

Kwa hiyo sababu ya anayeingia gizani na ya anayekaa kivulini kwenye upepo akitazama mawindo bondeni si lazima ziwe moja. Henri Breuil, yule padri aliyekuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuisoma michoro ya kule, alisema ni dawa ya mawindo. Lakini mifupa iliyokutwa Lascaux ni ya paa wa nchi za baridi (reindeer) kwa wingi, na ukutani paa huyo karibu hayupo, wamejaa farasi na ng'ombe mwitu. Walichochora si walichokula.

#21 Mama Kulwa
Asante sana kwa hili la mwisho. Hata kanga zetu zina korosho na tausi, mara ngapi tunakula tausi?

#22 Nyanda wa Mfangano
Mnasahau kwamba kuna ambao hawakuchora mnyama hata mmoja. Kwetu kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, ni miviringo tu, nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, mingine ina miale. Inasemwa ni ya Watwa waliotutangulia. Wazee wa Kisuba walikwenda kwenye miamba ile kwa mambo ya mvua. Dawa ya mawindo hapo inaingilia wapi? Unawinda duara?

#23 Ateso wa Kumi
Hata sisi Uganda, Nyero, wilaya ya Kumi. Duara nyekundu zilizopangana, na vitu kama mitumbwi. Watu walikuwa wanakwenda kuomba mvua na watoto. Ni ajabu: Kolo mvua, Mfangano mvua, Nyero mvua.

#24 Pofu Dume
#23 ajabu si kubwa sana. Mkulima wa sehemu kame ataomba mvua popote penye uzito. Ila nakubali, hapo sina jibu safi.

#25 Bonde la Bubu
Leo Pofu kakosa jibu. Tarehe iandikwe.

#26 Mtaa wa Toulouse
Kuna kisa kimoja kinachofaa kumpa mwalimu. Pango la Altamira, Hispania, 1879: Marcelino Sanz de Sautuola yuko chini anachimba, binti yake mdogo Maria anainua macho darini, anawaona nyati. Baba akatangaza, wakubwa wa elimu wakasema ni uongo, watu wa kale hawawezi kuchora hivyo. Akafa 1888 akiwa bado anahesabiwa mwongo au mjinga. Mpinzani wake mkubwa, Émile Cartailhac, akaja kukiri kosa kwa maandishi mwaka 1902. Mtoto alitazama juu, wazee walitazama chini.

#27 Chaki Nyekundu
Hiki nitakisoma darasani neno kwa neno.

Swali jingine: yule mwongozaji alituonyesha watu watano, wa katikati kama mwanamke ameshikwa mikono, wawili upande huu wawili upande ule. Akasema anatekwa. Wanafunzi wakabishana njia nzima.

#28 Pofu Dume
Ndiyo, naujua mchoro huo. "Anatekwa" ni tafsiri ya mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyekaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro na kuja kuitolea kitabu 1983. Wengine wanaona ngoma, mtu aliyepandisha anashikiliwa asianguke.

#29 Kwa Mtoro Halisi
Mtu akipandisha hushikwa hivyo hivyo, mikono yote miwili. Lakini hata bibi harusi hushikwa hivyo. Sijui wanafunzi wako walisemaje?

#30 Chaki Nyekundu
Wasichana walisema anacheza. Wavulana walisema anagombaniwa.

#31 Fundi Ngeu
Mwalimu, acha maneno, fanya kazi. Chukua ngeu, saga, paka mawe ya aina moja kwa michanganyiko tofauti, weka mengine mvuani na mengine chini ya paa. Baada ya masika tuletee mrejesho.

#32 Chaki Nyekundu
MREJESHO. Wakuu, samahani kwa ukimya wa miezi mitano. Nilitii agizo la #31.

Udongo tuliutoa ukingo wa barabara. Tuliusaga juu ya jiwe bapa kwa jiwe la mkononi. Kusaga kidogo hakutoshi, unabaki na chenga zinazodondoka zikikauka. Mpaka ukauke kidoleni kama poda ya mtoto, watoto wanne kwa zamu walimaliza mchana mzima kupata unga wa vijiko vitatu. Vidole vyao vilikuwa vyekundu mpaka Ijumaa, na mzazi mmoja alikuja kuuliza shuleni kunani.

Tulipaka mawe kwa maji, kwa ute wa yai na kwa mafuta ya kondoo. Ya maji yaliyokaa mvuani yaliondoka mvua ya pili, ukabaki unjano hafifu. Ya ute wa yai yalivumilia mpaka Februari, yakaanza kuvuja pembeni. Ya mafuta yapo mpaka leo, ila mafuta yametandaza doa kuuzunguka mstari, si safi kama wa Kolo. Yaliyokaa chini ya paa yote mazima, hata ya maji. Pofu Dume alikuwa sahihi kuhusu baraza.

Yule mtoto mkimya ndiye aliyeshika daftari la kuandika tarehe za mvua.

#33 Pofu Dume
Kazi nzuri sana mwalimu. Na tazama huo mchana mzima kwa vijiko vitatu. Mtu hapotezi nguvu hiyo kwa kujipitishia muda. Palikuwa na shughuli maalumu.

#34 Mama Kulwa
Hujawahi kusuka mkeka wewe. Kazi ya mchana mzima ndiyo ya kupitishia muda, mnasaga mnaongea, mnacheka, mnaimba. Muulize mwalimu watoto walichoka au walikataa kwenda nyumbani?

#35 Chaki Nyekundu
Walikataa kwenda nyumbani.

#36 Kwa Mtoro Halisi
Mwalimu, hayo mafuta ya kondoo ni ya mkia? Uliyeyusha ukachuja au ulichanganya yakiwa magumu? Doa la pembeni linaweza kuwa ni mafuta mengi kupita udongo. Jaribu kijiko kimoja cha mafuta kwa vitatu vya unga, paka yakiwa vuguvugu, tena jiwe liwe limeshinda juani. Na hayo ya zamani usiyatoe, yaache mpaka mvua ya mwakani.